Kuficha jina hakutoshi: ninachowafundisha wanahabari wanaoandika kuhusu usafirishaji haramu wa binadamu

Mafunzo yangu kwa waandishi wa habari huyaanza kwa aya fupi niliyoitunga mwenyewe. Inamhusu mwanamke wa miaka 26, mama wa pacha, aliyepelekwa ng'ambo kufanya kazi za ndani nyumbani kwa daktari wa meno, akatoroka usiku akiwa amevunjika mkono, akarudi kwao mwezi Machi. Jina halimo. Nawauliza: nani anaweza kumtambua? Wengi hujibu kwamba hakuna.

Kisha tunahesabu pamoja. Jirani anajua nani amerudi Machi na mkono umefungwa plasta. Wakala aliyempeleka anajua ni msichana gani alipata kazi kwa daktari wa meno. Daktari mwenyewe anajua. Asiyeweza kumtambua ni msomaji wa mbali, ambaye hana sababu wala uwezo wa kumdhuru. Wale anaowaogopa, wote wameshampata.

Kwa hiyo tunaanza kupunguza. "Daktari wa meno" anakuwa "mwajiri". "Machi" inakuwa "mwaka huu". Pacha wanaondoka. Uzito wa habari unabaki palepale: aliahidiwa kazi, akanyang'anywa pasipoti, hakulipwa, akapigwa. Ila nasisitiza kwamba kupunguza ni tofauti na kubuni. Ukiandika kwamba mwajiri alikuwa mwalimu ilhali alikuwa daktari, umemdanganya msomaji, na wakili wa mtuhumiwa atakuja kuitumia habari yako mahakamani kumwangusha shahidi. Sema kidogo, na mwambie msomaji waziwazi kwamba baadhi ya mambo yameachwa kwa usalama wa mhusika.

Picha zinanitia hofu zaidi kuliko maandishi. Mtu aliyepigwa picha kwa nyuma bado anatambulika kwa kovu, mchoro wa mwilini, msuko wa nywele au gauni ambalo nduguye alimnunulia. Kivuli chake ukutani kinamfichua kwa anayejua mkao wake. Sauti iliyovurugwa kwa programu inaweza kurudishwa karibu na ilivyokuwa, kwa hiyo maneno yake ni heri yasomwe na mtu mwingine. Tena faili la picha kutoka kwenye simu linaweza kubeba mahali na saa ilipopigwa. Ukimtumia mwenzako faili hilo likiwa zima kutoka kwenye nyumba salama, yaani makazi ya siri wanakohifadhiwa manusura, unaweza kuwa umemtumia na ramani.

Suala la ridhaa ndilo ninalolipa muda mrefu kuliko yote. Karatasi iliyosainiwa inamkinga mwajiri wako. Mhojiwa haimkingi hata kidogo. Mtu anayekula na kulala kwa hisani ya shirika fulani hawezi kumkatalia kirahisi mgeni aliyeletwa na mkurugenzi wa shirika hilo. Anadhani akikataa atapoteza kitanda, au kwamba akikubali ataharakishiwa vibali vyake. Nawataka wanafunzi wangu waombe kuzungumza naye bila wafanyakazi kuwapo, wamweleze kwa lugha nyepesi kwamba hawana msaada wa kumpa, kisha wamwonyeshe kwenye simu habari nyingine waliyowahi kuchapisha, ili aone jinsi inavyosomwa na kusambazwa na watu asiowajua. Halafu waondoke, warudi kesho kuchukua jibu. Wahariri hulalamika kwamba kesho ni mbali. Habari nyingi za aina hii zinahusu mambo yaliyotokea miezi au miaka iliyopita, na sijaona kinachopotea kwa kungoja siku moja.

Mkalimani naye achunguzwe. Akitoka katika jamii ileile, huenda anafahamiana na familia ya wakala, na mhojiwa akilijua hilo atasema nusu tu.

Wakati wa mahojiano usimuulize mtu tukio baya kuliko yote. Kama anataka kulisema, atalisema. Muulize alivyoipata kazi, nani alilipia tiketi, deni lilikuwa kiasi gani na lilikua vipi. Maswali haya hayamrudishi kwenye kipigo, na ndiyo yanayofichua biashara yenyewe. Usishangae akichanganya tarehe au akiruka miezi mizima. Kiwewe hukata kumbukumbu vipandevipande, na kupishana kwa maelezo hakumfanyi kuwa mwongo. Lakini kazi yetu ya kuthibitisha inabaki: tafuta jumbe za simu, mkataba, tiketi, risiti za kutuma pesa, na mtu mwingine aliyepitia kwa wakala huyohuyo. Huruma isiyo na ushahidi humwacha manusura peke yake siku atakapoitwa mwongo hadharani.

Sheria naipitia kwa haraka zaidi, ila siiruki. Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, yaani makubaliano ya Umoja wa Mataifa dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, inataka mambo matatu: kitendo, kama kumsajili au kumsafirisha mtu, njia, kama nguvu, ulaghai au kutumia vibaya udhaifu wake, na lengo la kumnyonya. Kwa aliye chini ya miaka 18, hilo la njia halihitajiki. Kuvuka mpaka si sharti. Kuvusha wahamiaji kwa magendo ni kosa jingine lenye itifaki yake, ingawa safari inaweza kuanza kwa magendo na kuishia kwenye utumwa wa madeni.

Mfano ninaoutumia ni wa Oktoba 2019, ilipokutwa miili ya watu 39 ndani ya trela la lori huko Essex, Uingereza. Mwanzoni polisi walisema wanaamini wote ni Wachina, na vyombo vya habari vikaibeba kauli hiyo. Baadaye ikathibitika kwamba walikuwa raia wa Vietnam. Mahakamani, watuhumiwa walitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia na kwa kula njama za kuwaingiza watu nchini kinyume cha sheria. Kuna familia zilizokuwa Vietnam zikisubiri simu wakati dunia inasoma habari za Wachina.

Jambo jingine linalonisumbua ni sura ileile ya mwathirika: msichana, machozi, pingu. Nani ataandika habari za wanaume wanaofungiwa kwenye meli za uvuvi? Mwaka 2023 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar na wapatao 100,000 nchini Kambodia huenda walikuwa wanalazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni. Hao wakikamatwa huandikwa kama matapeli. Mwandishi asiyejua kwamba mtu hapaswi kuadhibiwa kwa kosa alilolazimishwa na waliomteka, atawapiga picha wakiwa wamepangwa mstari na polisi.

Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2024 kwamba kazi za kulazimishwa huingiza faida haramu ya dola bilioni 236 kwa mwaka. Fedha hizo zina wapokeaji. Ningependa kuona waandishi wakitumia wiki tatu kwa wakala, mwenye leseni, benki na mnunuzi wa bidhaa, na saa moja tu kwa manusura. Kwa sasa mambo yako kinyume.

Tena kuna yanayofuata baada ya kuchapisha. Manusura anaweza kubadili nia baada ya miaka miwili: ameolewa, amepata kazi, kesi imefunguliwa upya. Atampigia nani kuomba habari iondolewe mtandaoni, na nani ana mamlaka ya kukubali? Vyumba vingi vya habari havina jibu. Nawaomba wanafunzi wangu wamfikishie mhariri swali hilo kabla ya kwenda kwenye mahojiano, kwa sababu jibu lake ni sehemu ya yale ambayo mhojiwa anapaswa kuelezwa kabla hajasema ndiyo.