Umebadili paswadi, ufunguo uko palepale: uongo tunaoambiana kuhusu funguo za siri

Kuna huu msemo eti "usimbaji (kuigeuza meseji isisomeke bila ufunguo) wa siku hizi hauvunjiki, kwa hiyo niko salama." Nusu yake kweli. Hesabu zenyewe hakuna anayehangaika nazo, mtu anayekutafuta anautafuta ufunguo wako ulipo, na hapo ndo wengi tunaposhikwa.

Uongo unaoongoza kabisa: "nikibadili paswadi, ufunguo nao umebadilika." Hapana. Kwenye PGP, mfumo wa kusimba imeili na mafaili, una funguo mbili: wa wazi unaowapa watu wakusimbie meseji, na wa siri wa kuzifungulia. Huo wa siri ni faili, paswadi inalifunga tu hilo faili hapo kwenye diski, basi. Ukibadili paswadi leo unalifunga upya faili lilelile, ufunguo wa ndani haujaguswa, kwa hiyo kama mtu alishalikopi mwezi uliopita kopi yake bado inafunguka kwa paswadi ya zamani na hiyo mpya yako haimhusu hata kidogo. Laptopu ikiibiwa na una wasiwasi paswadi yako inajulikana, batilisha ufunguo (yaani tangaza usitumike tena), tengeneza mwingine, uwaambie watu wako. Na hata hapo meseji za nyuma zilizosimbwa kwa ufunguo ule zinasomeka kwa yeyote aliye nao, hilo halirekebishiki. Signal, ile app ya meseji zilizosimbwa, iko tofauti kidogo, yenyewe inabadili funguo meseji kwa meseji na zilizotumika inazifuta, ila mwizi akiishika simu ikiwa wazi atasoma zote ambazo hujafuta, hahitaji ufunguo wowote.

"Nikisahau si nitabonyeza tu nimesahau paswadi?" Utambonyezea nani sasa? Hakuna ofisi yenye kopi ya ufunguo wako, na ndo raha yake. Unachoweza kuwa nacho ni cheti cha kubatilisha ufunguo, GnuPG (programu ya bure ya kutumia PGP) kuanzia toleo la 2.1 inakitengeneza yenyewe pale unapounda ufunguo na kukiweka kwenye folda ya openpgp-revocs.d. Wengi hata hawajui kipo, halafu laptopu ikifa nacho kinakufa humohumo. Kiprinti au kiweke kwenye flashi mbali na kompyuta. Akikiokota mtu hawezi kusoma meseji zako, anaweza tu kuua ufunguo, usumbufu ndio ila sio msiba.

Kuhusu paswadi yenyewe, watu bado wanaamini kubadilisha a iwe @ na o iwe 0 ndo ugumu, wakati programu za kubahatisha paswadi zinajua huo mchezo zamani sana. Mstari wa wimbo unaoupenda nao vilevile. Njia ya Diceware ya Arnold Reinhold ipo tangu 1995: unarusha dadu mara 5, namba unazopata zinakupa neno moja kwenye orodha ya maneno 7,776, unarudia hadi upate maneno 6 na hapo umefika kama biti 77, yaani mtu anayebahatisha ana michanganyiko 2 kwa kipeo cha 77 ya kupitia. Siri ni kwamba dadu ndo imechagua, sio wewe, kwa hiyo ukianza kuruka maneno usiyoyapenda umeshaharibu. Na ile ya kubadilisha kila baada ya miezi 3 hata NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, iliachana nayo 2017, badili pale tu unapohisi imevuja.

Halafu kuna "nimeukuta ufunguo wake wa wazi kwenye seva ya funguo (kule mtandaoni watu wanakoweka funguo zao za wazi), una jina lake, basi ni wake." Kwenye seva za zamani yeyote alikuwa anaweza kupandisha ufunguo wenye jina na imeili ya mtu mwingine, hakuna aliyeuliza. Kulinganisha herufi 8 za mwisho za alama ya ufunguo (fingerprint, mfululizo wa herufi na namba unaoutambulisha) pia hakusaidii, 2014 ilionyeshwa kwamba kutengeneza ufunguo bandia wenye herufi 8 zilezile ni kazi ya sekunde chache. Somaneni alama nzima, zote 40, uso kwa uso au kwa simu kama sauti yake unaijua, sio kwa imeili ileile unayoitilia shaka! Kwenye Signal mnacholinganisha ni ile namba ya usalama ya tarakimu 60, ikibadilika mara nyingi mwenzako kabadili simu tu, lakini muulize.

La mwisho fupi: ufunguo wa PGP uliopitwa na tarehe yake ya mwisho haujafa. Ukiwa na ule wa siri unaongeza muda, unawatumia wenzako upya ufunguo wa wazi, mnaendelea.