Majani ya msituni na ya savana: yapi yana virutubisho zaidi?

Dhana: Msitu wa mvua umestawi, kwa hiyo udongo wake una rutuba na majani yake yamejaa virutubisho.

Sehemu kubwa ya misitu ya tropiki imeota juu ya udongo mkongwe uliooshwa na mvua kwa muda mrefu mno. Nitrojeni ina unafuu, maana bakteria huivuta kutoka hewani. Fosforasi asili yake ni miamba, na miamba ikishalika hakuna pa kuitoa tena. Ndiyo maana misitu mingi ya nyanda za chini hubanwa na uhaba wa fosforasi kuliko wa nitrojeni. Amazon hata hupata msaada kutoka Afrika: vumbi la Sahara, hasa la bonde la Bodélé nchini Chad, hukadiriwa kuufikishia msitu huo tani 22,000 hivi za fosforasi kwa mwaka. Rutuba tunayoiona imo ndani ya miti yenyewe na katika majani yanayooza chini, ambayo virutubisho vyake hunyonywa upesi na mizizi.

Tena misitu haifanani. Douala-Edea nchini Kamerun ni mchanga mtupu, na majani yake yana kemikali nyingi za kujikinga, kiasi kwamba mbega weusi wa huko hutegemea zaidi mbegu. Kibale nchini Uganda, kwenye udongo bora, mbega hula majani bila shida.

Dhana: Jani la savana ni duni.

Hapa ndipo watu wengi hupotea, na kosa ni la kipimo. Ukipima kwa uzito, yaani virutubisho katika kila gramu ya jani, mara nyingi jani la msituni hushinda. Lakini jani la savana kwa kawaida ni nene na gumu, lenye nyuzinyuzi nyingi za kulisaidia kustahimili jua na ukame. Uzito huo wa ziada huzimua asilimia ya virutubisho.

Tuchukue mfano wa kukadiria tu. Jani la msituni lina gramu 80 kwa kila mita ya mraba, na nitrojeni asilimia 2: hiyo ni gramu 1.6. La savana lina gramu 150, na nitrojeni asilimia 1.5: gramu 2.25. Aliyekuwa nyuma kwa uzito sasa yuko mbele kwa eneo. Na jua hunaswa kwa eneo, si kwa kilo, kwa hiyo kwa anayechunguza usanisinuru kipimo cha pili kina maana zaidi. Anayetaka kujua mnyama anapata nini mdomoni atumie cha kwanza. Taarifa isiyosema imetumia kipimo gani, mimi huiweka kando.

Dhana: Moto wa savana hurudisha kila kitu ardhini kama jivu.

Nitrojeni haimo katika hesabu hiyo. Huanza kupotea hewani kwenye joto la nyuzi 200 hivi za selsiasi, wakati fosforasi na kalsiamu kwa sehemu kubwa hubaki jivuni. Savana inayoungua mara kwa mara huishia kukosa nitrojeni.

Dhana: Miti yote ya jamii ya mikunde hujipatia nitrojeni yake.

Migunga mingi, ndiyo: ina vinundu vya bakteria mizizini, na majani yake huwa na nitrojeni nyingi hata savana. Lakini miti inayotawala miombo, Brachystegia na Julbernardia, ni mikunde isiyo na vinundu. Yenyewe hushirikiana na kuvu wanaoizunguka mizizi na kuisaidia kutafuta virutubisho.

Dhana: Jani lolote la mti linafaa kupimwa.

La kuokota chini halifai. Kabla ya kuliangusha jani, mti huvuta takriban nusu ya nitrojeni na fosforasi iliyomo na kuirudisha matawini. Ulinganisho wa haki huchukua majani yaliyokomaa, mabichi bado, yaliyokuwa juani, pande zote mbili.