OTP si namba ya kukuhakiki wewe

Siku hizi kila aliyeibiwa pesa benki kupitia simu anasema "wamedukua OTP yangu", ukikaa naye akuelezee taratibu unakuta alipigiwa simu, akaambiwa ataje namba iliyoingia kwenye meseji, akaitaja. Hapo hakuna kilichodukuliwa jamani. Simlaumu aliyeibiwa, wale watu hiyo ndiyo kazi yao ya kutwa na wanajua kuongea, ila tukikosea jina la kilichotokea tunaishia kujilinda upande ambao mwizi hapiti, mtu anabadilisha nywila halafu wiki inayofuata anasoma namba nyingine kwa simu.

OTP haraka haraka: ni namba inayotumika mara moja, ikishatumika au muda wake ukiisha haina kazi tena. Wazo lenyewe mwanasayansi wa kompyuta Leslie Lamport aliliandika 1981, na shida aliyokuwa anaitatua ni mtu anayesikiliza kimya kimya kwenye mawasiliano akainakili nywila yako. Zile za kwenye programu za simu, ambazo kwa kawaida hubadilika kila sekunde 30, zinafuata kanuni iliyochapishwa 2011. Basi. Ila hebu angalia, ililengwa kumzuia anayenakili kwa siri, haiwezi kumzuia mtu unayemsomea mwenyewe kabla muda haujaisha.

Sasa linaloniumiza ni hili la kuiita "namba ya uhakiki", mtu anaelewa kwamba benki wanataka kujua wanaongea na nani. Ndiyo maana tapeli akisema "nimekutumia namba ya kukuhakiki, nisomee tuendelee" inaingia akilini kabisa. Kwenye malipo OTP ni idhini, ni sawa na sahihi yako kwenye hundi ambayo mwizi ameshaijaza kiasi na jina la mlipwaji. Yaani anapokupigia tayari ana namba za kadi yako au nywila, ameshabonyeza kulipa, na mfumo wa benki umekutumia wewe OTP ili useme ndiyo. Watu wanajitetea "lakini meseji ilitoka benki kweli!" Ndiyo, ilitoka benki kweli, wa uongo ni yule anayeiomba.

Na ile ya "kuna mtu anatoa pesa kwenye akaunti yako sasa hivi, nisomee namba ya kusitisha muamala" ndiyo mbaya kuliko zote kwa sababu inakukuta umeshtuka na huna muda wa kufikiri. Hakuna kitu kama hicho. Kusitisha muamala benki wanafanya wao upande wao, hawahitaji namba kutoka kwako. Hata anayetaka kukutumia pesa haihitaji, inamtosha namba ya akaunti. Kwa hiyo meseji ikiingia isome yote kabla ya kuangalia tarakimu, nyingi zinaandika ni kiasi gani na kinaenda kwa nani, na kwa nchi za Umoja wa Ulaya tangu Septemba 2019 sheria inataka namba ya malipo ya mtandaoni ifungamanishwe na kiasi na mpokeaji husika, na mlipaji aonyeshwe vyote viwili.

Kudukuliwa kwa kweli kupo, sikatai. Ujerumani mwaka 2017 wezi walitumia udhaifu wa mitambo ya kampuni za simu wakageuza njia ya meseji za benki ziende kwao, wenye akaunti hawakumsomea mtu OTP yoyote. Kuna na wanaosajili laini yako upya bila wewe kujua, hapo dalili ni mtandao kukata ghafla kwenye simu na haurudi, na wa kumkimbilia ni kampuni ya simu na benki kwa pamoja.

Kwa hiyo ndugu yangu ukipiga benki kuripoti (namba iliyoko nyuma ya kadi, siyo ile iliyokupigia), usiseme tu akaunti imedukuliwa. Sema "nimemsomea mtu OTP, saa fulani, meseji ilitaja kiasi hiki", uione aibu baadaye, maana kwa maelezo hayo wanajua ni muamala upi wa kukimbilia na kadi ipi ya kufunga.