Ukivuka kwenda Ukerewe, Kisukuma hakikutoshi

Wanaohamia Mwanza kikazi huambiwa mapema: jifunze Kisukuma. Ushauri mzuri. Ukiitikia "mwangaluka" asubuhi pale Kisesa au Magu, au ukisema "wabeja" baada ya kupewa chenji, utapendwa bure. Kosa ni kudhani mkoa mzima ni wa Wasukuma, na kwamba Kikerewe, lugha ya kisiwa cha Ukerewe, ni Kisukuma cha visiwani.

Sivyo. Kisukuma ni ndugu wa Kinyamwezi. Kikerewe kiko karibu zaidi na Kizinza na Kihaya, lugha za upande wa magharibi wa Ziwa Victoria. Hata mtawala wa jadi aliitwa kwa majina tofauti: Usukuma ntemi, Ukerewe omukama. Halafu wapo Wajita, wengi tu, na lugha yao inaelekea Mara.

Ukara ndiyo itakayokushangaza zaidi. Ni kisiwa kidogo, watu wamebanana, na Wakara wana lugha yao. Kwa jadi ng'ombe hafugwi kwa kuzurura. Hufungwa ndani ya nyumba, kwenye shimo, akaletewa majani yaliyokatwa. Samadi inayojaa humo hubebwa hadi shambani, kwenye uwele na njugu mawe. Kumweleza mkulima wa huko faida za mbolea ni kumfundisha samaki kuogelea.

Kwa hiyo ukishuka Nansio, bandari ya Ukerewe, anza na Kiswahili, kisha muulize mwenyeji wako kwao wanasalimianaje. Usikisie kabila kwa sura. Na utani wa "nyie Wasukuma" uache kwanza bandarini.