Mgonjwa Mmoja, Dozi Mbili

Mama mmoja alitoa pakiti tatu tupu za Flagyl kwenye mkoba, akazipanga mezani moja moja. "Dakta, hizi zote nimezimeza tangu Ramadhani. Harufu ya huko chini yaondoka wiki mbili, kisha yarudi vilevile. Dawa zenu feki?"

Alikuwa akijinunulia mwenyewe duka la dawa, Kongowea, hapa Mombasa, na kila dozi aliimaliza. Na mumeo je, nikamuuliza. "Aa, yeye hana kitu."

"Hana kitu" nalisikia karibu kila siku, na maana yake huwa ileile: hatokwi na usaha, hawashwi, akikojoa hasikii moto. Lakini trikomonasi, kijidudu cha ugonjwa wa zinaa, huweza kukaa kwa mwanamume miezi mingi bila kumsumbua, na klamidia, ugonjwa mwingine wa zinaa, mara nyingi huwa kimya kwa wote wawili. Kumtibu mke peke yake hapo ni kufua maji chomboni na tundu umeliacha wazi.

Mama huyu hakuwa na trikomonasi. Nilichukua swabu, na kwenye hadubini nikaona seli zilizogandwa na bakteria mpaka kingo zake hazionekani. Hiyo ni vajinosisi ya bakteria: wale bakteria walinzi wa ukeni wamepungua, wengine wamejaa mahali pao, na uchafu unaotoka unanuka shombo ya samaki, hasa baada ya tendo la ndoa. Kujiosha ndani kwa sabuni au ndimu, kama wengi wanavyofanya, huzidi kuharibu.

Hapa nakiri kosa langu. Kwa miaka nimewaambia wanawake wenye tatizo hili kwamba waume zao hawahitaji dawa. Ndivyo tulivyofundishwa, maana wanaume walipopewa vidonge peke yake katika majaribio ya zamani, haikusaidia.

Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Australia katika jarida la tiba la New England Journal of Medicine. Jozi 164 za wanandoa na wapenzi, kila mmoja na mwenziwe mmoja tu. Mwanamke alipotibiwa peke yake, tatizo lilirudi kwa asilimia 63 ya wanawake ndani ya wiki 12. Walipotibiwa wote wawili, asilimia 35. Wanaume walimeza metronidazoli (ndiyo hiyo Flagyl) miligramu 400 mara mbili kwa siku, na pia wakapaka uume krimu ya klindamaisini ya asilimia 2, mara mbili kwa siku, siku 7. Krimu ndiyo iliyokuwa imekosekana zamani, kwa sababu bakteria hawa hukaa pia kwenye ngozi, kidonge hakiwatoshi. Nisifiche jambo: wengi wa wanaume wale hawakuwa wametahiriwa, na huku kwetu Pwani asiyetahiriwa ni wa kutafuta, kwa hiyo huenda faida kwetu isiwe ileile. Hata hivyo, kwa mwanamke aliyerudiwa mara tatu, mimi siku hizi nawatibu wote wawili.

Kisonono, klamidia na trikomonasi hazina mjadala: mwenzi hutibiwa, na wote waanze pamoja. Kisonono ni sindano ya seftriaksoni. Vidonge vya sipro (siprofloksasini) vya kujinunulia vimeshazoewa na vijidudu. Fangasi ni hadithi nyingine, mume hapewi dawa mpaka naye awashwe au atoke vipele.

Kigumu ni zile siku saba za kujizuia na tendo la ndoa. Mwambie hivyo baharia aliyeshuka melini kwa likizo ya siku kumi! Akishindwa, basi kondomu, kila mara.

Kisha huja swali la "nani kaleta?" Silijibu, na si kwa kukwepa. Trikomonasi inaweza kuwa ya tangu kabla hamjaoana, na hadubini haioni tarehe. Nimeona ndoa ikiyumba kwa jibu la haraka la mhudumu.

Mumewe alikuja Alhamisi, na sare ya kazi ya bandarini, akakaa kiti cha karibu na mlango. Vidonge hakuvibishia. Aliuliza tu kuhusu mnazi; nikamwambia auache wiki hiyo, maana mlevi husahau dozi. Krimu ndiyo aliyoitazama sana.

"Mara mbili? Wiki nzima?"

"Wiki nzima, bwana."

Akaomba afungiwe kwenye gazeti.