Suruali bado namba 36, tumbo je?

"Dokta, mimi sijanenepa. Tangu nihamie Dodoma navaa suruali namba 36 ileile."

Maneno haya nimeyasikia kwa wanaume wengi mpaka siku hizi nayasubiri. Ninayemfikiria leo alikuja mwaka jana. Habari zake nimezibadilisha kidogo asitambulike. Ni mtumishi wa miaka 46, alihama na serikali kutoka Dar es Salaam. Ofisi iko Mtumba, nyumba iko Kisasa, na katikati ni kiti cha gari. Nikamwomba asimame apandishe shati. Kweli, suruali ilikuwa namba 36, ila ilifungwa chini kabisa, usawa wa nyonga, na tumbo limeegemea juu ya mkanda kama abiria aliyeegemea dirisha la basi. Nikachukua tepu, ya kawaida tu ya fundi cherehani, nikapima panapotakiwa: katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, akiwa ameshatoa pumzi bila kujibana. Sentimita 109, yaani karibu inchi 43.

Akacheka. "Hiyo tepu yako imevutika, Dokta."

Kwa mwanaume, kipimo hicho kikifika sentimita 94 hatari imeshaanza kupanda. Kikipita 102, imekuwa kubwa waziwazi. Mizani ninayo na niliitumia, ilisoma kilo 104. Lakini mizani haisemi mafuta yamekaa wapi, na kwa mishipa ya damu hapo ndipo penye neno. Hata ile hesabu ya BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, tunayoipenda kliniki ilitokana na kazi ya Mbelgiji Adolphe Quetelet katika karne ya 19, na yeye alikuwa mwanahisabati aliyekuwa akitafuta vipimo vya binadamu wa wastani, hakuwa akitibu mtu. Inafaa ukipima umati. Ukimpima mmoja mmoja, mbeba magunia wa soko la Majengo mwenye misuli anaweza kupata namba sawa na mhasibu mwenye kitambi.

Wengi huyachukulia mafuta ya mwili kama mzigo kwenye kirikuu: gari linachoka kwa sababu ya uzito, basi. Ingekuwa hivyo tu, mafuta ya makalio na ya tumbo yangedhuru sawasawa. Hayadhuru sawa. Yaliyo chini ya ngozi, yale unayoweza kuyafinya kwa vidole, yametulia kwa kiasi. Yaliyo ndani, yanayouzunguka utumbo, hayatulii. Damu inayotoka kwenye mafuta hayo inaingia moja kwa moja kwenye ini, imebeba asidi za mafuta, na ini likilemewa linamwaga mafuta mengi kwenye damu huku kolestero ile nzuri ikishuka. Wanawake, kabla ya hedhi kukoma, huweka zaidi akiba yao mapajani na makalioni. Sisi wanaume tunaiweka huku ndani. Tumbo gumu, lililojaa kama ngoma, ambalo jamaa hujisifu kwamba "hili si mafuta, limekaza", mara nyingi ndilo lenye mafuta ya ndani mengi zaidi.

Halafu mafuta hayo yana kazi zake. Chembe ya mafuta ikijaa kupita kiasi inakosa oksijeni ya kutosha, nyingine zinakufa. Askari wa mwili wanakuja kuzoa mizoga, na wakishafika hawaondoki. Wanabaki wakitoa zile kemikali zinazofanya kidonda kiwe chekundu na cha moto, isipokuwa hapa hakuna kidonda. Kemikali zinaingia kwenye damu, zinazunguka mwili mzima, mwaka hadi mwaka, bila maumivu yoyote. Mtu analala vizuri, anakwenda kazini, anapandishwa cheo.

Zinakokwenda kuharibu ni mahali ambapo watu wachache wamewahi kupasikia. Kwa ndani, mshipa wa damu umetandikwa safu moja tu ya chembe hai. Inaitwa endotheliamu. Zamani ilidhaniwa ni kama rangi ya ndani ya bomba, haina la kufanya. Mwaka 1980 Mmarekani Robert Furchgott alionyesha kwamba kipande cha mshipa wa sungura hulegea kikitiwa kemikali iitwayo asetilikolini ikiwa tu safu hiyo haijakwanguliwa. Ukiikwangua, mshipa haulegei. Kumbe safu ile ilikuwa ikitoa kitu, na kitu chenyewe kikaja kujulikana kuwa ni nitriki oksaidi, gesi inayodumu sekunde chache tu na kazi yake ni kuiambia misuli ya mshipa ilegee, njia ipanuke. Pia huzuia damu kuganda ovyo na huzuia ukuta kunata. Mwaka 1998 Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipata tuzo ya Nobel kwa ugunduzi huo. Mimi huona ni ajabu kwamba uhai wa mwanaume wa kilo mia unategemea gesi hiyo isiyoonekana.

Kitambi kinaishambulia gesi hiyo kwa njia mbili. Zile kemikali za tumboni zinapunguza utengenezaji wake, na zinaharibu hata ile iliyokwisha kutengenezwa. Juu ya hapo kuna insulini, homoni inayosimamia sukari ya damu. Kwa mtu mzima wa afya, insulini inayotoka baada ya chakula huiambia pia endotheliamu itoe nitriki oksaidi ili damu ifike misulini. Mafuta ya tumbo yakizidi, mwili unaanza kutoisikia insulini, na kongosho linaongeza sauti, yaani linatoa insulini nyingi zaidi. Mishipa haisikii, lakini figo zinaendelea kusikia, na insulini kwa figo maana yake ni: zuia chumvi. Mafuta yenyewe nayo yanatoa malighafi ya homoni inayobana mishipa. Basi una mshipa uliokaza, na ndani yake kuna maji na chumvi zaidi ya kawaida. Hiyo ndiyo presha ya mnene, na ndiyo sababu kumwambia "punguza mawazo" hakutoshi.

Presha yake siku hiyo ilikuwa 152/96. Nilirudia kwa kufunga mkononi mkanda mpana wa kipimo. Naomba wauguzi na wenye maduka ya dawa wanaosoma hapa wanivumilie: mkono mnene ukifungwa mkanda mdogo unatoa presha ya juu kuliko ilivyo kweli. Nimeona watu wakianzishiwa vidonge kwa kosa hilo. Kwa huyu, mkanda mpana ulitoa 150/94. Ilikuwa presha kweli, na siku mbili nyingine alizorudi ilikuwa hivyohivyo.

Safu ikichoka, kolestero mbaya inapenya na kujikusanya chini yake. Askari walewale wanaimeza mpaka wanavimba kama povu, na taratibu ukuta unapata uvimbe wenye mafuta laini kama uji na utando juu yake. Hii ni kazi ya miaka mingi. Lakini utando ukipasuka, damu inaganda juu yake kwa dakika chache, na mtu aliyekuwa mnada wa Msalato akichagua ubavu wa mbuzi anaishia chumba cha wagonjwa mahututi. Ukiwa ni mshipa wa moyo ni shambulio la moyo, ukiwa wa ubongo ni kiharusi.

Nilimweleza yote haya akawa anatikisa kichwa kwa adabu, kama mtu anayesikiliza tangazo. Akaaga. Alipofika mlangoni, mkono ukiwa kwenye kitasa, akageuka.

"Dokta, na ile... ile shughuli ya usiku. Nayo ni umri tu, sivyo?"

Swali la mlangoni. Wanaume wanalibeba miezi, wanalisema wakiwa wamesimama. Nikamrudisha kwenye kiti, maana hilo ndilo lingetakiwa kuwa la kwanza.

Uume husimama kwa sababu mishipa yake imelegea na damu ikajaa, na anayeilegeza ni nitriki oksaidi ileile. Mishipa hiyo ina upana wa milimita 1 hadi 2. Ya moyo ina milimita 3 hadi 4. Ugonjwa ni mmoja, unakwenda mwili mzima kwa pamoja, lakini bomba dogo huonyesha shida kabla ya kubwa. Ndiyo maana mwanaume wa makamo ambaye nguvu zake zinapungua polepole anaweza kuwa anapewa taarifa ya moyo wake miaka miwili, mitatu kabla ya kifua kuuma. Hata sildenafili, kidonge maarufu cha kazi hiyo, kilianza kuchunguzwa kama dawa ya maumivu ya kifua. Kuna na jambo la homoni: mafuta yana kimeng'enya kinachogeuza testosteroni, homoni ya kiume, kuwa homoni ya kike, na testosteroni ikipungua kitambi hukua zaidi.

Badala ya kusoma taarifa hiyo, mtu anaificha. Anakwenda kwenye vumbi la Kongo, au ananunua kidonge dirishani bila kupimwa hata presha. Mimi sina ugomvi na kidonge chenyewe. Kina wagonjwa wake na mimi huwaandikia. Ugomvi wangu ni kwamba kinanyamazisha kengele. Na kwa aliye kwenye dawa za maumivu ya kifua za aina ya nitreti, viwili hivyo vikikutana presha inaweza kuanguka ghafla na kuua.

Nilimuuliza pia kama anakoroma. Akasema hajui, anayejua ni mama watoto. Akampigia simu palepale, akaweka sauti, na jibu lililotoka siwezi kuliandika hapa. Kwa ufupi, hukoroma, hukatika pumzi, kisha hushtuka kama aliyezama. Shingo nene hubana njia ya hewa usingizini, oksijeni inashuka, presha inaruka usiku kucha. Tulishughulikia hilo pia.

Habari njema ni kwamba endotheliamu haina kinyongo. Damu ikienda kasi, mwendo wake unapousugua ukuta, safu inaongeza utengenezaji wa nitriki oksaidi. Kwa hiyo mtu anayetembea kwa haraka anaanza kuitengeneza mishipa yake hata kabla ya mizani kusogea. Dakika 150 kwa wiki ndizo zinazopendekezwa. Na kwa wengi, kupungua asilimia 5 hadi 10 ya uzito kunashusha presha na sukari kwa kiasi kinachoonekana. Kwake ilikuwa kilo 5 hadi 10, wala sikumwomba arudi kuwa kijana wa JKT.

Sikumkataza nyama. Babu yangu kule Mvumi alikula nyama ilipokuwepo, lakini kila siku alikula ugali wa uwele na mlenda, na ng'ombe waliokuwa mbele yake hawakungoja. Kilichomnenepesha huyu ni chipsi za usiku, bia nne za Ijumaa zilizokuja kuwa za kila siku, na soda. Soda ya nusu lita ina sukari karibu gramu 50. Kingine ni chumvi inayomwagwa mezani, ile rundo dogo la pembeni ya sahani ya choma. Nilimwandikia dawa ya presha, tukakubaliana ashuke gari kabla ya kufika, na jioni atembee Kisasa jua likishapoa.

Alirudi baada ya miezi mitano. Kilo 97, presha 136/86 akiwa bado kwenye kidonge. Tepu ikasoma sentimita 102, na safari hii hakuisingizia. Kuhusu mambo ya usiku alisema tu, "Tunaendelea," nami sikuchimba.

Nikamtazama suruali. Ilikuwa mpya, namba 40. Alikuwa ameifunga kiunoni, mahali pake.