Sikio halitakuambia kama mbwa ni mkali

Papa mmoja wa Himbi, mtaa wa hapa Goma, Kongo, aliniletea mtoto wa berje allemand, mbwa mchungaji wa Kijerumani, wa miezi minne na nusu. Sikio la kulia limesimama kama mkuki, la kushoto limelala juu ya jicho. Hata salamu hakumaliza. “Dokta, hii imbwa nilinunua bei kali. Sasa sikio moja inaanguka. Walinidanganya, haiko berje ya kweli. Itaweza kulinda parseli, nyumba na uwanja wangu?”

Nilimfungua mtoto kinywa nikamwonyesha papa ufizi: meno ya utotoni yanadondoka, ya ukubwani yanachomoza. Kati ya mwezi wa tatu na wa sita mbwa hubadili meno, na katika kipindi hicho sikio lililokuwa limesimama linaweza kulegea wiki kadhaa kisha likainuka tena. Nilimwomba angoje, na aache vidonge vya kalsiamu alivyoshauriwa na jirani. Kalsiamu ikizidi kwa mtoto wa mbwa wa aina kubwa haisimamishi sikio, inaharibu mifupa inayokua.

Hilo la sikio liliisha kwa dakika tano. Lililobaki ni swali lake la mwisho, na nalisikia hapa Goma karibu kila wiki, kwa maneno tofauti. Watu wanaamini masikio yaliyosimama ni ya mbwa mkali, yaliyolala ni ya mbwa mpole. Wananunua kwa imani hiyo, wanaogopa kwa imani hiyo, na kuna wanaokata masikio ya mbwa kwa imani hiyo. Mimi ni daktari wa mifugo, na mbwa walioniuma ninawakumbuka vizuri: masikio yao yalikuwa ya kila namna.

Chanzo cha imani hii kinaeleweka. Mbwa mwitu wana masikio yaliyosimama. Watoto wa mbwa nao, wa aina zote, huzaliwa masikio yamelala na matundu yake yamefungwa, yakaanza kufunguka baada ya wiki mbili hivi. Kwa hiyo mbwa mzima mwenye masikio ya kulala anatukumbusha kichanga, na moyo wetu unalainika kabla hatujamjua. Wakuu wa usalama wa viwanja vya ndege vya Marekani walisema wazi, mwaka 2018, kwamba wanapendelea mbwa wa masikio ya kulala kwa kukagua abiria, kwa sababu hawatishi watoto. Hiyo ni habari ya macho yetu sisi. Ya mbwa ni nyingine.

Charles Darwin, katika karne ya 19, alishaona kwamba karibu kila mnyama anayefugwa ana jamii fulani yenye masikio yaliyolegea, jambo ambalo porini ni nadra sana. Tembo ndiye aliyemtaja kuwa wa pekee. Kuanzia 1959 huko Siberia, mtaalamu wa jenetiki Dmitri Belyaev alianza kuzalisha mbweha akichagua wale tu waliomvumilia binadamu, na baada ya vizazi kadhaa wakatokea wachache wenye masikio laini. Kwa hiyo upole na gegedu laini la sikio vimewahi kukutana katika historia ya ufugaji. Lakini ukitaka kumpima mbwa aliyesimama mbele yako leo, habari hiyo haikusaidii. Kusimama au kulala kwa sikio kunahusiana sana na eneo moja la kromosomu ya 10, karibu na jeni inayoitwa MSRB3. Tabia haikai mahali pamoja namna hiyo. Utafiti mkubwa uliotoka 2022, uliokusanya majibu kuhusu mbwa zaidi ya 18,000, ulikuta kwamba aina ya mbwa inaeleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Kama aina nzima, pamoja na ukoo wake wote, inaeleza kiasi hicho, sikio peke yake litaeleza nini?

Tazama walinzi wenyewe. Rottweiler ana masikio yaliyolala. Boerboel wa Afrika Kusini, anayezungumzwa hapa mjini kwa sauti ya chini kama simba, yake pia yamelala. Doberman, ambaye kwenye picha ana pembe mbili kichwani, huzaliwa na masikio ya kuning’inia. Zile pembe ni kazi ya kisu. Kwa upande mwingine kuna papillon, mbwa mdogo wa mapajani ambaye masikio yake yamesimama na kutanuka kama mabawa ya kipepeo, na jina lake la Kifaransa ndilo hilo. Ana ndugu wa ukoo uleule mwenye masikio yaliyolala, anaitwa phalène, yaani nondo. Mmoja kipepeo, mwingine nondo, na wote wawili wachangamfu na wapenda watu.

Kuna mbwa wawili ninaotaka kukaa nao zaidi kwa sababu ni wetu, mmoja kwa asili, mwingine kwa kazi.

Wa kwanza ni basenji. Anatoka misitu ya Kongo, na hata leo nikipita vijijini naona sura yake kwa mbwa wa kienyeji: masikio madogo yaliyosimama yakitazama mbele, mkia uliojikunja mgongoni, na mikunjo ya paji la uso inayojitokeza anapoyakaza masikio, kana kwamba anawaza jambo zito. Dume lina urefu wa sentimeta 43 hivi begani na uzito wa kilo 11. Habweki kama wengine, kwa sababu ya umbo la zoloto lake. Hutoa sauti ya kupanda na kushuka iliyo karibu na vigelegele. Ndiyo maana wawindaji humvika njuga ya mti shingoni, wajue yuko wapi. Jike huingia joto mara moja tu kwa mwaka, tofauti na mbwa wengi wanaoingia mara mbili. Jina lake linaniuma kidogo: basenji ni neno la dharau walilobandikwa watu wa vijijini, washenzi, kisha mbwa wao wakabandikwa pia. Alipoonyeshwa London kwenye maonyesho ya Crufts mwaka 1937 watu walimiminika kumwona, na leo Wazungu wanamlipia pesa nyingi huku sisi tukimwita mbwa wa bure.

Tabia yake? Anawapenda watu wake, mgeni anamtazama kwa mbali, anajilamba kama paka, na ukimwita anafikiria kwanza. Ana masikio yaliyosimama kuliko berje yeyote, lakini ukimweka getini akupigie kelele usiku utamlaumu bure.

Wa pili ni Saint-Hubert, mbwa wa kufuata nyayo kwa harufu, ambaye jina lake linatokana na abasia ya Ubelgiji ambako watawa walimlea tangu zama za kati. Masikio yake ni marefu na membamba, yanaanzia chini kichwani na kuning’inia kama vitambaa. Rumangabo, kwenye barabara ya Rutshuru, Hifadhi ya Virunga ilianzisha kikosi cha mbwa hawa mwaka 2011 kwa msaada wa daktari wa mifugo kutoka Uswisi, Marlene Zähner, ili kuwafuatilia majangili. Baadaye wakaongezwa spanieli wa kunusa pembe na silaha. Husemwa kwamba masikio yale marefu yanasukuma harufu kuelekea puani, lakini uwezo wake mkubwa umo puani kwenyewe. Majangili wanamwogopa, nao wana haki. Ila akishampata mtu anayemfuata, kwa kawaida Saint-Hubert hamrarui. Ni mbwa mpole kiasi cha kushangaza, mkaidi tu akishaanza njia. Fikiria: mbwa anayeogopwa namna hiyo ndiye mwenye masikio ya kulegea kuliko wote.

Kitu ambacho umbo la sikio linatabiri kweli ni maradhi, na hapo ningependa wanunuzi waniulize zaidi. Tundu la sikio la mbwa hushuka chini kisha hukunja kama herufi L. Sikio likilifunika, kama kwa spanieli aina ya cocker, joto na unyevu hubaki ndani, na kwa mvua za Goma fangasi hawachelewi. Ukisikia harufu ya siki au ukiona nta ya kahawia, mlete. Usichokoe kwa pamba ya kijiti, usimwage alikoli. Akitikisa kichwa siku nyingi, mshipa hupasuka na sikio huvimba damu kama mto. Berje na Malinois, mbwa mchungaji wa Ubelgiji, wao hupata nzi wanaouma ncha za masikio hadi vidonda. Fagia kinyesi uani na umpake dawa ya kufukuza nzi.

Kuhusu kisu nitasema bila kuzunguka. Nimeshaletewa watoto wa mbwa waliokatwa masikio kwa wembe, bila ganzi, ili “wawe wakali”. Wawili walikufa kwa maambukizi. Mkataba wa Ulaya wa 1987 wa kulinda wanyama wa nyumbani unakataza kukata masikio, nami nakataa kuifanya kazi hiyo hata kwa dola ngapi. Mbwa aliyekatwa hawi mkali. Anakuwa mbwa aliyeumizwa na mikono ya watu akiwa mdogo, na ameporwa nusu ya maneno yake.

Maana sikio ni maneno. Likielekea mbele, mbwa anasikiliza. Likirudi nyuma kwa ulaini, mwili ukiyumbayumba, anakusalimia. Likibanwa kabisa kichwani, kinywa kimefungwa, weupe wa jicho unaonekana, ana hofu na anaweza kuuma sasa hivi. Kwa mbwa wa masikio ya kulala tazama shina la sikio, pale linapoota kichwani, maana ncha haisogei sana. Wafundisheni watoto hayo kabla ya kuwafundisha jina la mbwa. Na akiuma, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwa ajili ya kichaa cha mbwa.

Yule papa wa Himbi nilimuuliza kama alimwona mama wa mtoto kabla ya kununua. Hakumwona, alikabidhiwa barabarani. Nilimwambia arudi kwa muuzaji amwombe amwone, asimame naye uani nusu saa, atazame anavyompokea mgeni na anavyotulia baada ya kelele ya pikipiki. Alikwenda Jumamosi. Alinipigia simu jioni: mama ni mtulivu, amekuja kumnusa viatu, kisha akalala mlangoni akimwangalia hadi alipotoka.

“Na masikio yake?” nikamuuliza.

Hakuyatazama.